Mpaka Sengu Ikae Tena

Kompyuta yangu ya kwanza ilisoma Kiswahili kama padri wa kigeni aliyeshuka Mbinga juzi. Neno "mwalimu" ililivuta hadi likakaribia kukatika, na jina la wilaya yetu ililimung'unya mpaka nikacheka peke yangu chumbani. Lakini ilisoma. Nilibonyeza mshale wa kushuka, ikasoma mstari. Nikabonyeza tena, ikasoma mwingine. Nikarudi juu kwa sababu tu niliweza kurudi juu, nikasikiliza sentensi ileile hadi nikaichoka, bila kumwomba mtu radhi. Nilikuwa mtu mzima, mwalimu wa historia katika shule ya sekondari pale mjini, na ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kusoma maandishi ya watu wanaoona bila dada yangu kukaa kando yangu.

Sioni tangu utotoni. Surua ilipita Namswea, kijijini kwetu, nikiwa bado sijaanza shule, ikachukua baadhi yetu na mimi ikanichukulia macho. Sina uchungu na hilo, na watu wanaonitazamia niwe na uchungu wananikera. Nina hasira za aina nyingine nyingi, lakini ile siyo mojawapo. Mzigo nilionao ni mwingine kabisa, nao unamhusu dada yangu.

Dada yangu alikuwa macho yangu. Sisemi hivyo kupamba maneno. Ulikuwa uamuzi, ulitolewa mchana, na mimi nilikuwepo.

Kwetu Umatengo kuna kitu kinaitwa sengu. Ukoo unakula pamoja nyumbani kwa mkubwa wake. Kila mama analeta chungu chake, na watu wakishakula wanazungumza mambo yao: mpaka wa shamba, kijana aliyezidisha pombe, binti anayeposwa. Kilichosemwa kwenye sengu kimesemwa. Hakiandikwi popote na hakuna anayekisahau. Koo nyingi zimeacha siku hizi, kila mtu anakula kwake na mlango kaufunga. Wa kwetu hatukuacha, kwanza kwa sababu baba mkubwa, kaka mkubwa wa baba yangu, ni mtu wa kushika mambo, na pili kwa sababu mama zetu walijua kupika.

Nilikuwa nimemaliza shule ya msingi ya wasioona, mbali na kwetu, nikachaguliwa kwenda sekondari ya kawaida ya hapa Mbinga. Kule nilikotoka kulikuwa na vitabu vya nukta nundu, nikisoma kwa vidole. Huku hapakuwa na hata kimoja. Dada yangu alikuwa kidato cha pili kwa masista, na alitaka kuwa muuguzi. Alikuwa akinifunga bendeji za majani tangu tukiwa watoto, hata pasipo na kidonda. Ilikuwa ile miaka ambayo ushirika wetu wa kahawa ulikuwa umeyumba, na wanunuzi binafsi ndio kwanza wanapanda milima yetu na mizani zao. Hakuna aliyejua msimu unaofuata utakuwaje. Ukoo ukakaa, ukala, ukazungumza. Baba mkubwa akasema, "Binti ataacha shule akae na mdogo wake amsomee. Ndiye macho yake, mpaka sengu ikae tena na kusema vingine."

Nakumbuka nilichokuwa nakula. Ulikuwa ugali na usipa, dagaa wa ziwani, waliokaangwa wakakauka vizuri. Nilifurahi. Hakuna aliyeniuliza kama nimefurahi, lakini nilifurahi mno, kwa sababu nilikuwa nimeogopa kwenda shule ile peke yangu. Kisha dada akazunguka na maji ya kunawa kama ilivyokuwa kazi yake. Sikumsikia akilia. Nilisikia vyombo.

Tangu hapo alisoma. Alinisomea sekondari yote, tukapanga chumba kimoja kwa mama mmoja wa kanisani. Alinisomea chuo cha ualimu. Nilipopata kazi na nyumba ya shule, akahamia na bakuli zake na miwani yake, akaendelea. Wazee walitumaini nitaoa na mke wangu atapokea kazi hiyo. Wa kwanza alibadili mawazo na wa pili sikuwahi kumpata. Dada alikuwa msomaji mzuri kuliko nilivyostahili. Hakuruka mistari. Akifika kwenye upuuzi alitoa pumzi puani, nami nikajua huo ni upuuzi kabla sijausikia.

Intaneti ilipofika mjini, ilifika kwa mfanyabiashara mmoja mwenye asili ya pwani, aliyeweka kompyuta zake kwenye chumba cha nyuma ya duka la kanga. Ukiingia unapita kwanza kwenye harufu ya vitambaa vipya. Nilikuwa nimejiunga na masomo ya kujiendeleza ya walimu, na taasisi iliyoyaendesha, ambayo sitaitaja kwa sababu aliyenisaidia humo alikuwa mtu mwema, iliyaweka yote kwenye tovuti. Dada alikaa mbele ya skrini, mimi kwenye kigoda upande wake wa kulia. Yeye anasoma, mimi nachapa vidokezo kwa mashine ya nukta nundu, tak tak tak, mpaka wateja wengine wanaguna. Mfanyabiashara yule alituita Mwalimu na Redio Yake. Mwanzoni dada alicheka.

Ni kipindi hicho alipoanza kuja fundi. Alikuwa mgane wa Mbamba Bay, fundi wa mashine za kusaga nafaka, na alipanda Mbinga kufuata mikanda na beringi. Walijuana na dada kwenye mkutano wa kwaya kule ziwani. Nilimjua kwa harufu ya dizeli, na kwa sababu alinisalimia mimi kabla ya kumsalimia yeye, jambo ambalo watu wengi hulikosea. Alileta mbasa waliokaushwa kwa moshi, amewafunga kwenye gazeti. Tukishawala, dada alilikunjua gazeti lile lenye mafuta na kunisomea habari za wiki mbili zilizopita. Mimi mjinga nilidhani bwana yule anatuletea samaki.

Kisha akaja rafiki yangu wa shule ya wasioona, akiwa na kompyuta mpakato iliyotumika na programu ya kusoma skrini, akaniwekea, akanionyesha mishale na vitufe vya kibodi. Hapo ndipo nilipokutana na yule padri wa kigeni. Nilisoma kila kitu nilichokipata. Nilisoma hata maelezo ya betri. Nikasema sasa nafungua tovuti ya masomo yangu, mimi mwenyewe, na dada aende akapumzike.

Nikaifungua. Mashine ikasema: "Picha. Picha. Kitufe. Kitufe. Kiungo. Picha."

Nikadhani nimekosea kubonyeza. Nikaanza upya, ikarudia yaleyale. Rafiki yangu akanieleza kwa simu, akicheka kicheko cha mtu aliyekwisha kuumizwa na jambo hilohilo. Kitufe ambacho kwa anayeona kimechorwa vizuri na kuandikwa "ingia", aliyekitengeneza hakukipa jina ndani, kwa hiyo mashine inajua tu kwamba hapo pana kitufe. Masomo yenyewe yalikuwa karatasi zilizopigwa picha, na mashine haisomi picha kama haikuandikiwa maneno. Mlango upo, alisema, ila kitasa wamekiweka upande wao.

Halafu akaniambia jambo ambalo sikulijua, nami mwalimu. Kulikuwa na sheria. Sheria ya watu wenye ulemavu ilikuwa imekwisha kupitishwa, na inasema habari za umma zitolewe kwa namna ambayo na sisi tunaweza kuzipata. Na kulikuwa na miongozo ya kimataifa ya namna ya kutengeneza tovuti: kila picha iwe na maneno yake, kila kitufe kiseme kazi yake, kila kinachofanywa kwa kubofya kiwezekane pia kwa kibodi. Alinitumia sheria ile kwa nukta nundu, furushi zima la karatasi nene. Nikaisoma kwa vidole, kifungu baada ya kifungu, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyopandwa na hasira. Watu waliketi mahali wakaamua kwamba nina haki ya kusoma mwenyewe, na hakuna aliyenipa taarifa.

Nikaiandikia taasisi barua. Niliandika kwamba nawasomea sheria kwa kuwa inaonekana wao wenye macho hawajapata nafasi ya kuisoma. Niliandika na mengine. Dada aliikagua kwenye skrini, akatoa ile pumzi ya puani.

"Mdogo wangu, punguza pilipili."

"Sipunguzi."

"Basi angalau neno 'wazembe' liwe moja. Umeweka matatu."

Tukacheka sote. Akaenda kuichapisha dukani, akaikunja, akalamba stempu kwa ulimi wake mwenyewe, akaitia posta. Ilikuwa barua ya kudai kwamba nisihitaji mtu wa kunisomea, na yeye ndiye aliyeipeleka. Wakati ule sikuliona la ajabu hata kidogo.

Mama mmoja wa taasisi ile akanipigia. "Mwalimu, tumekosea," alisema, bila kujitetea, nikakosa pa kuitua hasira yangu. Aliniuliza nini kinasomeka na nini hakisomeki. Akarekebisha sehemu, akanipigia nijaribu, akarekebisha nyingine. Siku moja nikafungua na mashine ikasema: "Ukurasa wa mwanzo. Kitufe, ingia. Kiungo, masomo ya historia." Nililia. Kisha nikamwita dada, nikamwambia asikilize, nikamwambia, "Dada, sasa umepumzika."

"Hongera, mdogo wangu," akasema. Na kesho yake, saa ileile ya kusoma, akaja na kigoda chake akakaa.

Nilidhani ni mazoea. Lakini akaja tena, na tena. Alikaa upande wangu wakati mashine inasoma, akishona au akichambua maharage, hasemi kitu. Nikaanza kukereka. Nikajiambia anaionea wivu mashine, anaogopa kukosa umuhimu, na mawazo hayo yalinipendeza kuliko inavyofaa. Jioni moja nikamwuliza kwa sauti ninayoitumia kwa wanafunzi waliochelewa, "Dada, hapo unalinda nini? Mashine haiibiwi." Alikwenda kubandika maharage. Kesho yake alikuja na kigoda.

Likizo ya kahawa nilikwenda nyumbani Namswea. Mama alikuwa anachambua kahawa mbichi kwenye mkeka, anatupa kijani kushoto na nyekundu kulia; unasikia kila punje inapoangukia. Nikakaa karibu nimsaidie, maana zilizoiva nazijua kwa kuzibinya. Nikamlalamikia kuhusu dada. Mikono yake ikasimama.

"Mshenga wa yule fundi amekuja hapa mara mbili," akasema. "Hukuambiwa?"

"Fundi gani?"

"Mwanangu. Anayekulisha mbasa."

Mama akaendelea: dada yako amemjibu mshenga kwamba bado yuko kwenye kazi ya wazee. Fundi amesema atangoja mpaka kahawa iishe milimani. Zaidi ya hapo hawezi, ana watoto wadogo ndani.

"Lakini mimi nimekwisha kumwachia, mama. Nilimwambia apumzike."

"Wewe?" Mama hakuwa na ukali, na hilo lilinichoma zaidi. "Kwani wewe ndiye uliyempa kazi?"

Nikauliza kwa nini dada hakuomba mwenyewe. Aombe kwa mdomo gani, mama akasema, asimame mbele ya watu aseme amechoka na mdogo wake asiyeona? Nikamwuliza yeye mama, mbona hakusema. Punje zikaanza kuanguka tena, kushoto, kulia. "Na mimi niliogopa," akasema. "Nilijiuliza nani atakusomea."

Nilijisikia vibaya namna ambayo sikuwa nimewahi kujisikia. Nilikuwa nimezijua haki zangu kwa ncha za vidole, nikawaamsha watu ofisini mbali huko kwa kifungu hiki na kifungu kile. Sheria iliyomfunga dada yangu ilikuwa fupi, sentensi moja, na niliijua kwa moyo tangu utotoni. Ilipitishwa mbele yangu mimi nikitafuna usipa. Haikunijia hata siku moja kwamba bado inafanya kazi.

Nikaenda kwa baba mkubwa siku hiyohiyo. "Shikamoo, baba mkubwa." "Marahaba, mwanangu." Nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, akasema sawa, Jumapili kahawa ikishatoka tutakaa. Akaweka sharti moja. "Utasoma tukusikie. Yaleyale masomo anayokusomea dada yako, siyo kitu kingine. Kuambiwa tu hakutoshi, maana tukimwachia akaenda ziwani halafu wewe ukabaki gizani, lawama ni yangu."

Nilijiandaa kama mtu anayekwenda kuhojiwa. Ijumaa nilifungua tovuti, ikasoma kila kitu, kitufe kwa kitufe. Jumamosi nikaijaza betri shuleni mpaka mashine yenyewe ikasema imejaa, kwa sababu kijijini hakuna umeme. Nikaazima modemu ya kuchomeka. Dada nilimwambia nini kinakwenda kutokea. Akaniuliza kama nina uhakika. "Nimeijaribu jana," nikamwambia, "na betri imejaa." Asubuhi ya Jumapili alivaa kitenge kipya, nilijua kwa sababu kilikuwa bado kinapiga kelele kila akigeuka. Fundi alikuwa amepanda Mbinga tangu jana yake, amefikia kwa yule mfanyabiashara wa kanga. Tulikwenda Namswea nyuma ya pikapu iliyobeba magunia matupu, na dada akaimba njia nzima, sauti ya pili, bila mtu wa kuimba ya kwanza.

Tulisali, tukala. Wanaume ndani ya duara, kina mama upande wa mlangoni na vyungu vyao, wanasikia kila kitu. Nikaiweka kompyuta kwenye stuli. Baba mkubwa akasema, "Haya, mwanangu. Soma."

Mashine ilipotamka tu, watu wakaangua kicheko.

"Huyu ni Mzungu?" akauliza baba mkubwa.

"Ni mashine, baba mkubwa."

"Basi mwache aendelee."

Nikaingiza anwani ya tovuti. Mtandao ulivuta, ukavuta, ukafika. Nikabonyeza.

"Picha," ikasema mashine. "Picha. Kitufe. Kitufe. Kitufe. Picha."

Nikarudi mwanzo. Nikabonyeza tena taratibu, nikitafuta lile neno "ingia" mahali lilipokuwa Ijumaa. "Kitufe," ikasema. "Kitufe. Picha."

"Kitufe cha nini?" akauliza baba mdogo mmoja, naye aliuliza kwa wema, alitaka kuelewa.

Jasho lilikuwa linaniingia kwenye macho yasiyo na kazi. Nilikuwa na vitu vingine humo ndani. Barua yangu ya pilipili ilikuwa humo, ningeweza kuifungua na mashine ingeisoma yote na baba mkubwa labda angeridhika. Haikunijia. Kicheko kilikuwa kimekwisha. Kuku alipita katikati yetu na hakuna aliyemfukuza. Nikageuza uso kushoto, upande ambao dada huweka kigoda chake, na neno likanitoka kabla sijalijua.

"Dada," nikasema, "hapo pameandikwa nini?"

Hakuna aliyekuwa amenituma. Baba mkubwa hakuwa amemwita, hakuna mzee aliyeuliza. Nilimwita mimi. Nikasikia bakuli likiwekwa chini mlangoni, kisha kile kitenge kipya kikija, kikaketi pale pale dada anapoketi siku zote. Alitoa miwani. Akasoma kwa sauti yake safi, bila kutetemeka:

"Karibu. Tumeboresha muonekano wa tovuti yetu kwa ajili yako."

Akaendelea. Ingia. Masomo. Matangazo. Wasiliana nasi. Alisoma vizuri, hakuruka kitu, kama alivyonisomea maisha yangu yote, mpaka baba mkubwa akasema, "Inatosha, binti."

Nikaanza kueleza. Nikasema Ijumaa ilikuwa inasoma, wameibadilisha, wamekosea, kuna sheria, baba mkubwa, na wakiivunja naweza kuwashitaki.

"Nakuamini," akasema. "Sasa ukiwashitaki, siku zote za kesi, nani anakusomea?"

Tangu siku ile nimekaa kwenye semina nyingi za mambo haya, Songea na kwingineko, penye chai na vitafunwa na wataalamu wa miongozo, na swali lile nimeliuliza kila mara. Bado sijajibiwa. Baba mkubwa alikuwa mtu wa haki, sina kinyongo naye. Alisema, "Basi tukae kama tulivyokuwa. Tutazungumza tena." Na watu wakaitikia, kwa sauti ya chini, maana na wao walikuwa wameshaona kitenge kipya.

Dada akasimama akazunguka na maji ya kunawa. Sikumsikia akilia. Nilisikia vyombo.

Nikaandika barua ya pili, yenye pilipili yote niliyokuwa nayo. Yule mama wa taasisi alinipigia, akaomba radhi kwa moyo. Sura mpya ya tovuti walikuwa wameipa kampuni moja iliyoshinda zabuni, na hakuna aliyekumbuka kuwaambia vijana wale kuhusu mimi na kuhusu sheria. Kabla ya Krismasi ilikuwa imerekebishwa, na nakiri kwamba haijaharibika tena. Mimi nilidhani kitu kikisharekebishwa kimerekebishwa. Nimezaliwa kwenye ngoro, yale mashimo tunayolimia milimani kwetu, ambayo usipoyachimba upya kwa msimu mpya mvua inaondoka na shamba. Kati ya watu wote, mimi nilitakiwa kuangalia Jumamosi tena.

Fundi alingoja kupita kahawa, kupita na Krismasi. Baada ya Pasaka alioa mwanamke wa upande wa Liuli. Simlaumu, na nilipokutana naye dukani alinisalimia kwanza kama zamani. Masika yalipokatika sengu ilikaa kwa jambo la shamba, na kabla ya kutawanyika baba mkubwa akasema binti ameachiwa, kazi yake imekwisha, ukoo unamshukuru. Safari hiyo hakuna aliyetaka kuisikia mashine. Dada alisema asante, baba mkubwa, kisha akauliza kama chumvi ya maharage ilitosha. Anaishi na mimi mpaka leo. Magazeti anasoma kimoyomoyo, na akifika kwenye upuuzi namsikia akitoa pumzi, lakini siulizi ni upuuzi gani.

Ninachokirudia zaidi kichwani ni njia ya kurudi siku ile ya sengu. Tulishuka kwa miguu kutoka kwa baba mkubwa hadi barabarani kungoja pikapu, na ni mteremko mkali, kwa hiyo alinishika mkono ingawa njia ile naijua. Kompyuta nilikuwa nimeibeba begani. Nilijua Mbinga kuna mtu anangoja jibu, na kwamba ni yeye atakayekwenda kumpa, siyo mimi. Nilitaka kusema samahani, nikaona neno lenyewe dogo mno, nikaanza badala yake kuwatukana wale waliobadilisha tovuti. Nilitukana kwa muda mrefu. Nilitaja na sheria, kifungu na kifungu, kwa sauti, mpaka tukafika pale njia inapolala.

Dada aliniacha nimalize. Kisha akasema, taratibu, bila lawama yoyote ndani yake, "Mdogo wangu, ungewaambia tu betri imekwisha, wakatupa Jumapili nyingine."

Nikamjibu kwamba betri ilikuwa imejaa.